Mshono wa Koko

Kila ninapomaliza kumsuka mteja, kuna kazi moja ya mwisho ambayo siipendi. Nakusanya ncha za meshi mkononi, nawasha briki, kiberiti cha gesi, napitisha moto chini yake mpaka zile nywele za bandia zinanywea na kuwa shanga ndogo nyeusi, kisha nazibana kwa vidole kabla hazijapoa. Nisipofanya hivyo msuko utafumuka hata Jumapili haijafika. Harufu yake mnaijua ninyi mliowahi kukaa kwenye kiti cha msusi: kali, tamu kidogo, ya kukwama kooni. Mimi kila mara nageuza uso. Juzi mteja mmoja hapa sokoni, mjini Baraka, aliniuliza kama nina pumu. Nikamwambia ndiyo, maana jibu la kweli ni refu na kwenye benchi kulikuwa na wengine wanasubiri.

Pumu sina. Jibu refu ndilo hili, na nawapa ninyi kwa sababu hamtanikatiza.

Nililelewa Lweba, kando ya ziwa, na koko wangu, mama aliyemzaa mama yangu. Mama alifia katika kambi ya wakimbizi ng'ambo, Tanzania, nikiwa mdogo mno. Sura yake siikumbuki, nakumbuka kitambaa chake cha kichwa tu. Baba sikumjua. Tuliporudi nyumbani baada ya vita tulikuwa watatu: koko, mimi, na mjomba Etabo, kitinda mimba wa koko. Mjomba alikuwa kijana mrefu, mwenye mabega ya mvuta wavu na sauti ya kwaya. Alikuwa anaimba hata akipiga mswaki, na povu lilimtoka pamoja na besi. Koko alimgombeza kwa hilo kila asubuhi, na kila asubuhi nilicheka kana kwamba ni jambo jipya.

Kambini watu wa kwetu walisali chini ya turubai moja. Kulikuwa na waliozaliwa katika misheni hii na waliobatizwa katika misheni ile, lakini turubai lilikuwa moja, na mvua ikipiga juu yake hakuna aliyeweza kusikia mahubiri, kwa hiyo waliimba tu mpaka ikatike. Wengi waliamini kwamba zile ndizo zilikuwa ibada bora zaidi. Walipovuka ziwa kurudi, walijenga kanisa la matofali mabichi pale Lweba, na kabla hata hawajamaliza kuezeka, wakachanga wakanunua ekipe.

Niwaeleze ekipe ni nini, kwa wale wa milimani. Ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu iliyolazwa juu yake, na katikati inaachwa nafasi. Katika nafasi hiyo unashushwa wavu mkubwa. Karabai zinaning'inizwa, ndagala, wale dagaa wetu, wanafuata mwanga, halafu watu wa mtumbwi huu na watu wa mtumbwi ule wanavuta kwa pamoja. Upande mmoja ukivuta na wa pili ukalegea, samaki wote wanarudi majini. Na mitumbwi yenyewe inaundwa myembamba, mepesi, kwa sababu hakuna anayetazamia mmoja usimame peke yake.

Ekipe ya kanisa ilikuwa na sheria moja. Beseni la kwanza la asubuhi lilikuwa la wajane na yatima. Koko alikuwa mjane, mimi nilikuwa yatima, na mjomba alikuwa mmoja wa wavutaji, kwa hiyo alipenda kusema kwamba nyumba yetu imelizingira lile beseni pande zote. Asubuhi niliamshwa na harufu ya moshi wa karabai kwenye nguo zake na ya ndagala wabichi. Sikuwahi kujiuliza chakula kinatoka wapi. Kilitoka kanisani, kilikuwa na macho madogo, na kiling'aa.

Kisha likaja jambo la maombi. Kambini, baadhi ya waumini walizoea kuomba wote kwa pamoja, kila mtu kwa sauti yake, mpaka ukuta utetemeke. Wengine walizoea mmoja aombe, wengine wanyamaze na kuitikia amina. Chini ya turubai mambo yalijipanga yenyewe bila mkutano: ibada ilianza na mmoja, ikaisha na wote. Lakini tuliporudi nyumbani, mtu fulani aliuliza ipi ni sahihi. Sijui ni nani. Ningemjua, ningemtafuta mpaka machimbo ya Misisi.

Waliopenda sauti walimfuata Pasta Zakaria, ambaye akiomba mishipa ilimtoka shingoni. Waliopenda utulivu walibaki na Mzee Tito, mzee wa kanisa, mkulima wa mihogo mwenye maneno machache. Sisi watoto hatukuwa na elimu ya dini, tukawaita Bamakelele na Bakimya. Koko alibaki na Bakimya, akisema Mungu si kiziwi. Mjomba alikwenda kwa Bamakelele, akisema Mungu hajawahi kulalamika kuhusu muziki. Nyumbani kwetu bugali ulibarikiwa mara mbili. Koko aliomba kwa kunong'ona, tukasema amina, kisha mjomba akaanza upya kwa sauti ya kuamsha kuku, na mimi nimeshika tonge, mchuzi unapoa. Wakimaliza walitazamana na kucheka. Nadhani kwetu ndiko mahali pekee Lweba ambapo ugomvi ule ulikuwa bado unachekesha.

Nje haukuchekesha. Watu waliokula sahani moja kambini walianza kupishana njiani kama wana deni la kesi. Mwanamke wa upande huu alijifungua, wa upande ule hawakumchotea maji. Mwishowe wakaamua kugawana vitu vya kanisa. Viti viligawanywa, ngoma ilikwenda huku, kengele ilikwenda kule. Ikabaki ekipe.

Mitumbwi haikuwa na shida: mmoja mmoja. Miti na karabai, hivyo hivyo. Shida ilikuwa wavu, maana mwenye wavu ndiye mwenye ekipe, na hakuna upande uliokubali kuuacha. Walibishana wiki nyingi. Halafu Pasta Zakaria na Mzee Tito wakakubaliana, na watu wakashukuru, kwa sababu hawakuwa wamekubaliana kitu tangu mvua za kwanza. Walikubaliana kuukata.

Waliutandaza mchangani siku ya Jumamosi. Watu wawili wenye visu walianza kila mmoja upande wake, na nyuma yao waliwafuata wengine wenye mishumaa, wanachoma kila uzi wa nailoni uliokatwa ili usifumuke. Ndiyo harufu hiyo. Upepo wa ziwa uliileta moja kwa moja puani mwangu, nami nilikuwa nimeshika nguo ya koko kwa nyuma. Watu wazima walisimama katika makundi mawili, wametulia, wanaangalia kama watu wanaoangalia ng'ombe akichunwa.

Koko alitoka katika kundi lake. Hakupandisha sauti. "Mutumbwi moja haiwezi inua nyavu," alisema. "Ninyi bote munajua."

Mzee Tito alimjibu kwa heshima, kofia mkononi. "Mama, hii ni mambo ya imani."

"Basi, ile imani mutaikula na nini?"

Wachache walicheka chini chini, wa pande zote mbili. Visu viliendelea. Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu aliyekuwa akianika ndagala pale pale, alijifunika mdomo kwa kanga akaenda zake. Jioni alikuja kumuuliza koko, kwa adabu kabisa, kama ile ilikuwa ibada fulani ya dini yetu, ili asije akapita mbele yake siku nyingine bila kujua. Koko alimpa kiti tu.

Baada ya hapo asubuhi zilikuwa kimya. Nusu ya wavu ilikuwa chini ya kitanda cha Pasta Zakaria, nusu katika ghala ya Mzee Tito, na beseni letu likageuka chombo cha kuoshea miguu. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki, siku nyingine sombe bila bugali. Koko alikonda mikononi kwanza. Mjomba aliona. Aliacha kuimba akipiga mswaki, na mimi nikaanza kuamka nimechelewa.

Kiangazi kikafika, na upepo wake wa mchana unaotoka kusini. Mjomba na rafiki yake wa kwaya waliomba mtumbwi wa Bamakelele ili wakatege ndoana. Koko alimwambia mtumbwi ule haukuundwa kutembea bila mwenzake. Mjomba alimjibu kwamba hawatafika mbali, kwamba ataurudisha ukiwa na samaki mukeke mkubwa, na kwamba mama akae aweke maji ya bugali motoni. Kisha akanivuta sikio, kama kawaida yake, akaenda.

Nilikuwa naosha sufuria ziwani kwa mchanga. Niliwaona wakiwa wanarudi. Mawimbi hayakuwa makubwa sana, nimeona makubwa zaidi na watu wakarudi wanacheka. Mtumbwi ulijigeuza tu, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Kichwa kimoja kilitokea kando yake. Nilisubiri cha pili. Niliendelea kusugua sufuria huku nasubiri, nakumbuka hivyo vizuri, mkono ulikuwa unasugua.

Sitaki kuwasingizia watu. Bakimya waliokuwa ufukweni walikimbia mara moja, wakausukuma mtumbwi wao majini, wakapiga kasia kwa nguvu zote. Hakuna aliyeuliza nani anaomba vipi. Lakini mtumbwi wao nao ulikuwa nusu ya kitu. Ulilala upande huu, ukalala upande ule, ukajaa maji, ukawarudisha mchangani wakiwa wanatapika. Waliusukuma tena, ukawarudisha tena. Rafiki wa mjomba aliletwa na upepo, ameng'ang'ania ule uliopinduka. Mjomba hakuletwa.

Kesho yake alikuwa bado hajaonekana. Matanga yalikwisha kuanza nyumbani, kilio bila maiti, ambacho hakina mahali pa kuelekea. Wavuvi walisema hajaenda mbali, yuko pale chini ziwa linapoanza kushuka, lakini ili kumpata lazima wavu ukokotwe kutoka upande huu hadi ule, na nusu wavu haifiki. Hakuna aliyeitisha mkutano. Nilimwona Pasta Zakaria anakuja kutoka kwake na mzigo begani. Nikamwona Mzee Tito anatoka upande wa pili, naye na mzigo. Waliiweka mchangani, kingo zikatazamana, na mvuvi mmoja akatoa sindano ya mti ya kushonea nyavu. Uzi haukuwepo. Mama Zaina alileta wake mwekundu wa kushonea magunia.

Kwetu mama wa marehemu hagusi kazi. Anakaa mkekani, amezungukwa, wanawake wenzake wanamshika, hata maji ananyweshwa. Koko aliinuka kutoka mkekani. Walijaribu kumkalisha, akawaondoa mikono yao kama mtu anayetoa majani kwenye nguo. Alishuka mpaka ufukweni, akachukua sindano kutoka mkononi mwa yule mvuvi, akaketi mchangani na miguu yake imenyooka mbele, akaanza kushona.

Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Aliniita. Zile shanga nyeusi za nailoni iliyochomwa zilikuwa zinazuia fundo kukaza, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuzikata kwa wembe, moja baada ya nyingine, mbele ya sindano yake. Mzee Tito alipiga magoti kushika ukingo mmoja, Pasta Zakaria akapiga magoti kushika mwingine. Koko aliwaagiza bila kuwatazama, vuta, legeza, vuta, na wao walitii. Jua lilinipiga shingoni. Watu walilia nyuma yetu, na mimi sikusikia kitu ndani yangu, kabisa, kama mguu ulioshikwa na ganzi: unauona ni wako, unaugusa, haukujibu. Nilifikiria tu shanga. Nilitaka nisiruke hata moja.

Aliposhona mpaka mwisho, alikata uzi kwa meno. Mitumbwi ikafungwa tena kwa miti yake, wavu ukapakiwa. Watu wakavua kofia, kwa sababu lazima mtu aombe kabla ya safari kama ile. Pasta Zakaria alimtazama Mzee Tito. Mzee Tito alimtazama Pasta Zakaria. Nadhani kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake, na kila mmoja aliona haya, na muda ukapita, mitumbwi inagongwa na maji.

"Mungu amesikia makelele, amesikia kimya," koko alisema. "Mupige kasia."

Walikwenda, Bakimya na Bamakelele wamechanganyika, wakavuta kwa pamoja kama zamani. Walimpata kabla jua halijafika utosini. Hapo sina zaidi la kuwaambia.

Alizikwa siku hiyo hiyo. Walikuja wote, na Wakatoliki wa juu barabarani, na Waislamu wa ufukweni waliosaidia kuchimba. Nani aliomba, na kwa sauti gani, sijui. Nilikuwa naangalia vidole vyangu, shanga nyeusi zimenasa chini ya kucha. Shangazi mmoja wa ukoo alinifinya mgongoni ili nilie, maana mtoto asiyelia anatia watu wasiwasi. Sikulia. Koko naye hakulia. Nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba ana moyo mgumu, na mimi, niliyekuwa nalala mgongoni kwake kila siku, niliwaamini.

Na niliamini zaidi baadaye. Matanga yalipokwisha, wavuvi walikuja, wa pande zote mbili, wakasimama mlangoni bila kukaa, wakamwuliza kama ni dhambi kuurudisha wavu ule kazini au wauchome. Koko aliwaambia nyavu ni ya samaki. Kesho yake asubuhi beseni lilirudi. Aliwapika ndagala kwa nyanya na mawese kidogo, akasonga bugali, akaomba kwa kunong'ona, akala. Nilimtazama akitafuna samaki waliotoka katika wavu uliomtoa mwanawe. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimchukia bila joto, kama unavyochukia ukuta. Mwaka mzima na zaidi sikugusa ndagala, na yeye hakunilazimisha. Alisukuma sahani yangu ya sombe karibu, akaendelea kula.

Mnaweza kutarajia niwaambie kwamba makanisa yaliungana. Hapana. Nendeni Lweba leo mtayaona, yanatazamana, yote mawili yana mabati, na Jumapili moja linatetemesha ukuta, la pili linaitikia amina. Wanazikana, wanachoteana maji, wanaoana. Lakini ekipe haikugawanywa tena. Ilibaki moja, ya wote, na beseni la kwanza la wajane.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, koko hatembei vizuri, siku ugomvi mwingine ulipotokea. Safari hii zilikuwa zamu za kutumia uwanja kwa kongamano, jambo dogo lililopata watu wakubwa. Maneno yalipanda mpaka mmoja, mgeni kidogo pale, akasema bora kila upande uchukue kilicho chake, hata wavu. Tulikuwa ufukweni, na wavu umeanikwa. Mzee Tito, mzee kweli sasa, aliushika wavu, akautembeza mikononi mwake mpaka akafika kwenye uzi mwekundu. Ulikuwa umefifia, lakini ulionekana toka juu hadi chini, mafundo makubwa ya mtu asiye mvuvi. Aliunyoosha mbele ya yule mtu, akamwambia akate hapo basi, kama mkono wake unaweza. Yule mtu alitazama, akatutazama sisi, akaona nyuso za watu. Pasta Zakaria alikuwa ameinamisha kichwa. Ugomvi uliishia hapo, na watu wakarudi kwenye kazi zao.

Mimi nilibaki nimesimama. Wavuvi wa Lweba wanashona wavu haraka kuliko mtu anavyokunja nguo, na siku ile walikuwepo tele. Koko alichelewesha kazi. Alichelewesha mwanawe kutoka majini, na alijua. Nilikuwa nimefikiri, miaka yote ile, kwamba alitoka mkekani kwa sababu hakuwa na la kulia. Lakini mshono wa mvuvi, mvuvi mwingine anaukata. Yeye alitaka uwepo mshono ambao Mkristo wa Lweba hataweza kuusogezea kisu. Machozi alikuwa nayo. Alikuwa na kazi.

Nilikwenda nyumbani nikamkuta amekaa jikoni anachambua maharage. Nilitaka kumwambia kitu. Nilichukua ungo upande wa pili, tukachambua. Alinitazama, akasema maharage ya mwaka huu yana mawe mengi, na mimi nikakubali kwamba yana mawe.

Koko amekwisha kwenda, wavu ule ulioza, wakanunua mwingine. Mimi sijalia bado, wala kwa mjomba wala kwa koko. Sijui machozi yangu yalikwama wapi. Wateja wakiniuliza nasali wapi, nawaambia Lweba, upande wowote uliofungua mlango kwanza. Kisha nakusanya ncha za meshi, nawasha briki, nageuza uso, nazibana kabla hazijapoa, na namwita mwingine aje akae.